Breki ya Upendo

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta, na asije mtu akaniambia anaifahamu. Mimi naifahamu kwa sababu nilikuwa dereva huko. Nasema nilikuwa, maana kwa mujibu wa karatasi za serikali mimi ni marehemu. Subirini, nitawaeleza. Ila nawaomba nisimulie kwa sauti ya chini, na aliye karibu na mlango aufunge.

Jina langu Shomari Kibwe. Kwa miaka kumi na tisa niliendesha magari ya Ikulu na sikuwahi kugonga hata kuku. Asubuhi moja, nikiwa gereji nafuta kioo, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikageuka kutafuta moto. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, ulimi nimeung'ata, suruali imelowa, na mafundi wamenizunguka kwa mbali, hakuna anayethubutu kunigusa. Mmoja alikuwa ameinua spana. Kifafa, wakasema, na siku ileile kikombe changu cha chai kikatengwa pembeni.

Daktari Asteria Lugome wa hospitali ya mkoa yeye hakuogopa. Alinipima, akaniuliza maswali mengi, akanipa vidonge.

"Kaka Shomari, huu ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, na hauambukizi. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, usiruke hata siku moja. Na usukani usiushike mpaka upite mwaka mzima bila kuanguka. Ukipita, njoo tuzungumze."

"Mwaka, daktari? Mimi ni dereva!"

"Ndiyo maana nakwambia. Ungekuwa mwalimu wa kwaya tungeongea mengine."

Nikamwelewa. Nina mke na mtoto, na barabarani kuna wake na watoto wa wenzangu. Basi nikaenda Ofisi ya Leseni kurudisha leseni, na hapo ndipo nilipojiponza, maana katika nchi yetu hajawahi kutokea mtu akairudishia serikali kitu kwa hiari yake.

Karani alikuwa na fomu ya kuomba leseni, fomu ya kuongeza muda, ya kupotelewa, ya kuibiwa, hata ya leseni iliyoliwa na mbuzi. Fomu ya kurudisha hakuwa nayo.

"Umetumwa na nani?" akaniuliza.

"Na daktari."

"Daktari wa nchi gani?"

Nililala njaa kwenye benchi lao siku tatu. Siku ya nne wakanihurumia, wakanipa fomu pekee ambayo mwisho wake leseni hurudi mikononi mwa serikali: Fomu ya Dereva Aliyefariki. Palipoandikwa "sahihi ya marehemu" nikatia sahihi yangu. Karani akaikagua, akasema marehemu alikuwa na mwandiko mzuri. Hivyo ndivyo nilivyokufa.

*

Sasa niwajulishe kwa Mtukufu Dereva. Huyo ndiye mkuu wa nchi. Zamani alikuwa na cheo cha kawaida kama wakuu wengine, mpaka siku alipohutubia kwamba taifa ni gari, na gari lina dereva mmoja. Watu wakapiga makofi, naye akayaamini makofi. Tangu siku hiyo hakuendeshwa tena na mtu. Gari la taifa, jeusi, refu, lenye bendera mbili, alilishika mwenyewe, na mawaziri wakawa wanakaa nyuma kwa kufuata vyeo. Katiba ikabadilishwa, ibara ya kwanza ikasomeka: Abiria haongei na dereva. Mikanda ya usalama ikakatwa, kwa kuwa kufunga mkanda ni kutomwamini Dereva. Na kugusa usukani, gia au breki ya gari hilo kukaitwa uhaini, na adhabu ya uhaini kila mtoto wa shule aliijua.

Mimi sina la kusema hapo. Nasimulia tu.

Siku moja, katikati ya hotuba, Mtukufu alinyamaza. Macho yakatoka pima bila kutazama kitu. Midomo ikawa inatafunatafuna, na vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinapapasa kifungo cha koti. Sekunde ishirini. Kisha akazinduka, akaendelea na hotuba, ila ikawa hotuba ya mwaka juzi.

Watu ukumbini wakatazamana. Ndipo Mheshimiwa Kazimoto Ndelema, Waziri wa Barabara na Adabu, aliposimama, jasho likimtiririka, akapaza sauti: "Ndugu wananchi, Mtukufu alikuwa anatafakari kwa niaba yetu!"

Makofi hayo! Wengine walilia.

Wiki iliyofuata ikatoka Sheria ya Tafakari. Kila Mtukufu anapotafakari, Waziri Ndelema atapiga kengele moja, na kila aliyepo atainamisha kichwa na kufumba macho mpaka kengele ya pili. Atakayefumbua amechungulia mawazo ya Taifa, na jela ni miaka kumi na miwili. Sababu ya sheria hiyo haikutangazwa, lakini balozi mmoja alikuwa amekaa mbele akaona mate, na akatoa leso.

Sasa macho yote yakifumbwa, nani atajua Tafakari imekwisha? Wakahitaji Mshika Saa. Alitakiwa mtu anayejua magari, asiyeruhusiwa kuendesha, na ambaye akisema jambo halitahesabika kuwa limesemwa. Wakatafuta nchi nzima. Marehemu aliyefaa nilikuwa mimi.

Nikawekwa kiti cha mbele, kushoto kwa Mtukufu, na saa kubwa mkononi na daftari magotini. Kwa amri maalumu niliruhusiwa jicho moja, la kushoto, kwa ajili ya saa tu. Jicho la kulia, lililo upande wa Mtukufu, lifumbwe. Tafakari ikiisha niseme "Tayari", Waziri apige kengele ya pili, nami niandike sekunde. Kesho yake magazeti yanatangaza: Mtukufu Atafakari Sekunde Thelathini na Nne! Taifa Lapiga Hatua!

Jamani, mimi niliogopa tangu siku ya kwanza. Wengine hawakujua wanachokiona. Mimi nilijua. Vile vidole kwenye kifungo nilivijua, maana mke wangu Mwantumu aliniambia hata mimi mara nyingine hupapasa shati hivyohivyo. Na mara ya kwanza ilipotokea tukiwa barabarani, mtaa ulinyooka na gari lilikuwa linatambaa, namshukuru Mungu. Lakini jicho langu la kulia halikukubali kufumba, likachungulia chini, likaona mguu wa Mtukufu. Ulikuwa umekakamaa juu ya mafuta.

*

Msidhani nchi yetu haikuwa na vipimo vya madereva. Ilikuwa navyo, tena vikali. Aliyewahi kuanguka kifafa hata mara moja, hata utotoni, hata kama ametumia dawa akapona miaka ishirini, leseni yake ilichanwa mbele ya watu; yangu ilisalimika kwa kuwa niliwahi kufa. Kwa hiyo kila mwenye kifafa alificha, akaacha hata kwenda hospitali, akaendesha lori akimwomba Mungu. Takwimu zikaonyesha kwamba nchi haina dereva mwenye kifafa. Waziri Ndelema alipewa medali kwa takwimu hizo.

Sheria ilimtaka kila dereva apimwe na jopo la madaktari watatu, na Mtukufu ni dereva, basi jopo likaundwa. Kwanza wakapimwa madaktari wenyewe kama wanafaa kumpima. Wakaimbishwa wimbo wa taifa wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. Kisha, kwa kuwa mwili wa Mtukufu ni siri ya dola, wakapewa koti lake walipime. Madaktari wawili wakaandika kurasa arobaini kwamba koti lina afya njema. Wa tatu alikuwa Daktari Asteria. Yeye aliandika mistari miwili: "Nimemtazama akiwa jukwaani. Anywe dawa, na asiendeshe mpaka upite mwaka bila dalili."

Kesho yake alihamishiwa kituo cha afya kinachotarajiwa kujengwa. Nilimkuta stendi ya mabasi, amekalia sanduku lake.

"Sekunde ngapi sasa?" akaniuliza, hata salamu hakungoja.

"Sitini na nane, daktari."

"Na mguu?"

"Unakakamaa."

"Sikiliza, kaka. Akiwa katika hali ile hakusikii. Usimpigie kelele, usimng'ang'anie mikono. Vuta breki ya mkono, toa gia, zima gari. Basi."

"Daktari, hiyo ni shingo yangu."

"Najua." Akanitazama kwa huruma. "Kinachoniuma ni kwamba angekunywa vidonge kama unavyokunywa wewe, pengine mwakani angeendesha mwenyewe bila wasiwasi. Wewe una miezi mingapi?"

"Kumi na moja. Sijaanguka hata mara moja."

"Hongera," akasema, akapanda basi. Ndiye mtu pekee aliyenipongeza katika nchi ile.

*

Sikukuu ya Usukani ikakaribia. Kila mwaka siku hiyo Mtukufu hushuka na gari la taifa Mteremko wa Umoja, kilomita mbili za lami kutoka kilimani hadi uwanjani. Chini, katikati ya barabara, husimamishwa watoto mia mbili wa shule wakiwa wamejipanga duara la usukani. Gari huja kwa kasi, na Mtukufu hukanyaga breki kwenye mstari wa chokaa, hatua tatu kutoka mstari wa mbele. Hiyo huitwa Breki ya Upendo, kuonyesha kwamba Mtukufu anaweza kuwagonga ila hapendi. Watoto wanatakiwa kutabasamu.

Binti yangu Zawena ana miaka minane, yuko darasa la tatu, hesabu za kichwa anawashinda wote. Alirudi nyumbani anarukaruka.

"Baba! Mama! Nimekuwa wa kwanza! Zawadi yangu nitasimama mstari wa mbele, katikati kabisa!"

Mwantumu alikuwa anachambua mchele. Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika wote, wala hakuuokota. Kila siku nilikuwa namnong'oneza sekunde.

"Sabini na tano," nikamwambia, kabla hajauliza.

"Shomari, mwanangu hasimami pale."

"Nitakwenda kwa mwalimu."

Nikaenda. Mwalimu mkuu akasema mtoto kuumwa siku ya sikukuu si tatizo, ilimradi maombi ya kuumwa yawe yamefika miezi mitatu kabla. Nikamwuliza kama anaweza kusogezwa mstari wa nyuma. Akasema mstari wa nyuma ni adhabu, na Zawena ana nidhamu nzuri.

Nikaenda kwa Waziri Ndelema.

"Mheshimiwa, sekunde zinaongezeka."

"Tunaona. Tunajivunia."

"Mheshimiwa, pale mteremkoni gari likiwa mwendo wa sitini, kwa sekunde sabini na tano..."

"Unapiga hesabu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Nilidhani nimesikia hesabu." Akainuka, akachungulia nje ya mlango, akaufunga. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyekosa usingizi. "Shomari, mimi nakaa nyuma yake. Kila nikitoka nyumbani namuaga mke wangu kwa kumlipia mpaka nguo za eda. Unadhani sijui?"

"Basi tumwambie, Mheshimiwa!"

"Ibara ya kwanza," akasema. Kisha akapaza sauti ukutani: "Naam! Mtukufu tunamwamini!" Na kwa mkono akanionyesha njia.

*

Siku ikafika. Saa nne asubuhi, jua kali, vipaza sauti kila nguzo. Zawena aliondoka na sare mpya na soksi nyeupe. Mwantumu alimshika mkono mpaka kwenye kamba ya askari, wakamwachanisha naye kwa kumvuta vidole kimoja kimoja.

Kule kilimani nikapanda kiti changu. Nilikuwa nimekunywa kidonge cha asubuhi. Mtukufu akaingia, amependeza, ananukia marashi. "Haya, tuwaonyeshe," akasema, akawasha gari.

Nusu ya kwanza ya mteremko alikwenda vizuri, tena vizuri sana, sikatai, alikuwa dereva hodari. Watu wanapunga bendera pande zote. Tukakunja kona ya mwisho, barabara ikanyooka, nikaliona duara la watoto kule chini, dogo, jeupe. Nikamtafuta wangu katikati.

Ndipo mkono wa kushoto wa Mtukufu ukaachia usukani, ukaja kifuani, ukaanza kupapasa kifungo.

Midomo ikaanza kutafuna. Injini ikanguruma, mguu umekakamaa. Na nyuma yangu, Mungu wangu, nikasikia kengele.

"Tafakari!" Waziri akapiga kelele, na vipaza sauti vikaipokea kelele hiyo nguzo hadi nguzo mpaka uwanjani. Kwa kengele moja tu nchi nzima ikafumba macho. Umati ukainamisha vichwa. Askari wa pikipiki waliotutangulia wakafumba macho wakiwa juu ya pikipiki, mmoja akaingia mtaroni taratibu bila malalamiko, mwingine akapotelea kwenye kibanda cha miwa. Watoto mia mbili wakafumba macho, na wanatabasamu, maana walifundishwa.

Sekunde kumi. Jicho langu la kushoto lilikuwa kwenye saa, la kulia nikalifumbua lote. Mwendo sabini. Nikaona soksi nyeupe. Sekunde kumi na tano. Mkono wangu ulikuwa juu ya daftari na haukutaka kuondoka. Nawaambia ukweli, niliifikiria shingo yangu kwanza. Niliifikiria kwa sekunde nzima, na mpaka leo sekunde hiyo inaniumiza.

Kisha nikamwona Zawena. Watoto wote walikuwa wamefumba, yeye kafumbua. Ananitazama mimi.

Nikaishika breki ya mkono kwa mikono miwili, nikavuta. Nikapiga gia ikatoka, nikazungusha ufunguo. Gari likalia, likayumba, nyuma mawaziri wakabiringishana, na hakuna aliyefumbua macho wala kutoa sauti. Na hapo hapo nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasema basi, Shomari, umekwisha, leo mnaanguka wote wawili. Nikajing'ang'aniza kwenye breki nangojea giza.

Giza halikuja. Harufu ilikuwa ya matairi.

Gari lilisimama nusu hatua kutoka soksi nyeupe. Upepo wa bampa ulikuwa umempeperusha sketi. Nikamfanyia ishara kwa kope: fumba, mama, fumba. Akafumba. Nikarudisha breki ya mkono mahali pake, maana hapo chini ni tambarare, nikaokota daftari, nikafumba jicho la kulia, nikatulia kama marehemu anavyotakiwa kutulia. Machozi yalikuwa yananitoka jicho la kushoto, lile halali.

Sekunde tisini na moja. "Tayari," nikasema, na sauti ilitoka kama ya kuku.

Kengele. Watu wakafumbua macho wakamwona Mtukufu wao ameegesha nusu hatua kutoka kwa watoto, mstari wa chokaa uko chini ya gari. Halafu uwanja ukalipuka. Mtukufu alitazama huku na huku, hajui alipo. Akaniuliza polepole, kama mtoto, "Wewe ni nani?" Nilimwonea huruma, wallahi. Angekuwa mzee wa mtu, angeshikwa mkono akapelekwa hospitali.

Waziri Ndelema alinitazama kwenye kioo cha kati. Aliisikia breki ile, nina hakika. Akatoka nje, akanyakua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Amesimamisha gari akiwa ndani ya Tafakari! Breki yake haihitaji macho! Haihitaji mkono! Ni Upendo mtupu!"

*

Wiki mbili baadaye ililetwa barua nyumbani, ina mhuri mwekundu. Nawasomea kama ilivyo.

"Kwa kuwa imedhihirika kwamba Mtukufu Dereva hukanyaga breki hata akiwa anatafakari, inaamriwa kama ifuatavyo. Mstari wa chokaa utasogezwa hadi nusu hatua. Watoto walioshuhudiwa na gari kwa karibu watashika nafasi zao za heshima kila mwaka hadi wamalize shule. Madereva wa mabasi ya wanafunzi wataanza mafunzo ya kuendesha wakiwa wamefumba macho. Na kwa kuwa sekunde hazina tena haja ya kuhesabiwa, kiti cha mbele cha abiria king'olewe, ili Mtukufu awe peke yake na Taifa. Mshika Saa anarejeshwa kwenye umarehemu wake, kwa shukrani."

Chini ilikuwa na sahihi ya Kazimoto Ndelema, imetetemeka mpaka imetoka nje ya mstari.

Siku hiyohiyo nilitimiza mwaka. Mwaka mzima bila kuanguka. Kwa maneno ya Daktari Asteria ningeweza kwenda tukazungumza, ila kituo chake kilikuwa bado hakijajengwa, na marehemu hapewi leseni. Niliketi jikoni na barua mkononi, Mwantumu amejifunika khanga usoni, hataki kunitazama wala kutazama kitu.

Zawena akarudi shule, akaweka mkoba, akaisoma barua juu ya bega langu. Anasoma haraka huyu mtoto. Tangu sikukuu hakuwa amesema neno hata moja juu ya alichokiona, wala mimi sikumwuliza. Akakunja vidole, kimoja kimoja, vinne.

"Nimebakiza mara nne," akasema. Akafikiri kidogo. "Baba, na kiti chako wamekitoa. Mwakani nani atavuta ile..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka nikasikia meno yake. Dirisha lilikuwa wazi.